Somo la kwantamu Kigali: Kikwazo si fizikia, ni nukta na mkato

Na Mwandishi Wetu, Kigali

UKITAKA kujua neno "kwantamu" limefika wapi katika ukanda wetu huu, usianzie chuo kikuu. Anzia sokoni.

Kwa miaka mingi sasa, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, wapo watu wanaotembea na kompyuta ya mkononi na kifimbo cha chuma kilichofungwa waya. Unaambiwa ukishike kifimbo hicho kwa dakika moja hivi, kisha kompyuta inatoa kurasa kadhaa zinazoeleza hali ya ini, figo, moyo, mifupa na hata vitamini zilizopungua mwilini. Mashine hiyo wanaiita kipimo cha kwantamu. Ukishasomewa majibu unauziwa virutubisho, na bei yake si ya mchezo.

Mashine ile haina uhusiano wowote na fizikia ya kwantamu. Chuma kilichoshikwa kiganjani hakioni figo. Naanza nayo kwa sababu kila ninapofungua darasa jipya la kompyuta za kwantamu hapa Kigali, swali la kwanza huwa hilo hilo: "Mwalimu, hii ndiyo ile ya kupima mwili?" Na anayeuliza, mara nyingi, ni mtu aliyekwisha kutoa fedha yake.

Darasa lenyewe ni dogo. Ni Jumamosi alasiri, katika chumba cha kukodi huko Remera, ubao mmoja na watu kumi na wanne. Yupo fundi wa simu aliyekulia Goma na kumaliza sekondari huko kwa Kifaransa. Yupo binti mwenye shahada ya kompyuta, aliyesoma hapa hapa mjini kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Wapo vijana wawili ambao wazazi wao walirudi kutoka Kampala. Yupo mhasibu aliyesoma shule ya msingi Bukoba, kama mimi nilivyosoma Karagwe.

Na yupo mama mmoja anayefanya biashara ya nafaka na vitenge, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akivuka kati ya Gisenyi na Goma kwenye njia ile ya waendao kwa miguu tunayoiita Petite Barrière. Shule aliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Alikuja kwa kuwa mwanawe alijiandikisha kisha akabanwa na kazi, naye mama hakutaka ada ipotee bure.

Nimeambiwa na watu wenye elimu yao kwamba kundi la namna hii haliwezi kufundishwa pamoja. Kwamba kwantamu ni ya wenye shahada ya fizikia. Sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini.

Vyuo vipo, ngazi ya kuvifikia haipo

Kwanza tuseme lililo kweli. Kigali si jangwa katika jambo hili. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, inayofahamika zaidi kwa kifupi cha AIMS, ilianzishwa mwaka 2003 kule Muizenberg, Cape Town, na mwanafizikia Neil Turok. Mwaka 2016 ilifungua chuo chake hapa Kigali, na baadaye ikaanzisha hapa hapa kituo cha utafiti kilichopewa jina la Quantum Leap Africa. Tangu 2018 Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kina taasisi ya utafiti wa sayansi za msingi inayoshirikiana na kituo maarufu cha fizikia cha Trieste, Italia, na inapokea wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika.

Isitoshe, mwaka 2019 kampuni ya IBM ilitangaza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, ili vyuo vikuu vya utafiti barani navyo vipate njia ya kutumia kompyuta zake za kwantamu kupitia intaneti. Na pale Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantamu, nchi iliyopeleka azimio hilo kwenye Baraza Kuu ilikuwa Ghana.

Kwa hiyo juu ya ghorofa kuna taa. Shida ni ngazi. Shahada ya uzamili ya AIMS inalipiwa kila kitu, jambo la kushukuru sana, lakini anayeomba lazima awe tayari na shahada ya kwanza ya hisabati, sayansi au uhandisi, na masomo ni kwa Kiingereza. Fundi wetu wa simu hana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Anacho kichwa cha hesabu, ambacho fomu ya maombi haikiulizi.

Shule nne ndani ya chumba kimoja

Anayeishi Kigali anajua historia hii, lakini wasomaji walio Mwanza, Kampala au Bukavu huenda hawaijui vizuri.

Baada ya mwaka 1994, waliorudi kutoka Uganda walikuja na Kiingereza. Waliorudi kutoka Zaire ya wakati ule na Burundi walikuja na Kifaransa. Sisi wa Tanzania tulikuja na Kiswahili cha shule ya msingi na Kiingereza cha sekondari. Hapa tuliwakuta waliosoma kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ilipoanzishwa mwaka 1997, ilibidi wanafunzi wafundishwe kwanza lugha ile wasiyoijua, Kiingereza kwa huyu na Kifaransa kwa yule, ndipo waweze kukaa katika ukumbi mmoja.

Kisha Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri likaamua shule zifundishe kwa Kiingereza, na walimu waliozoea Kifaransa miaka yote wakajikuta wanabadilisha lugha ubaoni. Mwaka uliotangulia, 2007, nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikawa lugha rasmi.

Matokeo yake unayaona katika nyumba nyingi za hapa: baba anahesabu kwa Kifaransa, mtoto anafanya mazoezi ya nyumbani kwa Kiingereza, na bibi akienda sokoni anapatana bei kwa Kiswahili. Mtoto akikwama, baba hawezi kumsaidia, ingawa hesabu anaijua.

Mtu atauliza: kwa nini msitumie Kinyarwanda, ambacho wote mnakijua? Tunakitumia, na mzaha wote wa darasani ni kwa Kinyarwanda. Lakini hesabu za sekondari hakuna kati yetu aliyezisoma kwa Kinyarwanda. Kiswahili kilitufaa kwa namna isiyotarajiwa. Mhasibu na mimi tulikuwa na maneno yake tangu utotoni: hasi, chanya, kipeuo cha pili, uwezekano. Fundi wa Goma alikuwa na Kiswahili chake cha mtaani. Vijana wa Kampala walikijua kwa tabu, lakini hakuna aliyeona haya kukikosea, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya Kiingereza wala Kifaransa.

Sifuri mkato sita

Wiki ya pili niliandika ubaoni namba mbili zinazoeleza kyubiti moja: (0.6, 0.8). Nikamwomba fundi aje aandike mfano mwingine wa namna hiyo. Akaandika kama alivyofundishwa: (0,8, 0,6).

Kijana mmoja wa Kampala akainakili kwenye daftari kama namba nne: sifuri, nane, sifuri, sita. Kwake mkato hutenganisha namba na nukta huonyesha desimali. Kwa fundi, mkato ndio desimali. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa mwalimu wake.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua jambo hili kuliko maprofesa. Ankara iliyoandikwa upande wa Kongo 1.500 ni elfu moja na mia tano. Mtu wa Uganda akiisoma haraka anaona moja na nusu. Yule mama alicheka aliposikia ubishi huo. "Mimi huwa naandika kwa maneno," alisema, "halafu naweka sahihi."

Kompyuta haicheki. Wiki chache baadaye fundi aliandika programu yake ya kwanza ya kuandaa kyubiti katika hali ya 0,6 na 0,8. Lugha ya programu tunayoitumia, Python, huelewa nukta peke yake. Ikasoma namba nne: 0, 6, 0, 8. Namba nne maana yake ni kyubiti mbili, si moja. Ikazidisha kila namba kwa yenyewe, ikajumlisha, ikapata 100 badala ya 1, ikakataa. Fundi alikaa saa nzima akitafuta kosa kwenye fizikia. Fizikia yake ilikuwa sawasawa kabisa.

Yapo mengine ya aina hiyo. Moja ya mwandiko wa Kifaransa ina mkia mrefu juu, na kwa aliyesoma Kiingereza ni saba. Katika somo ambalo kila kitu ni 0 na 1, saba inaleta kizaazaa. Aliyesoma Kifaransa huweka mshale juu ya vekta na huandika tg palipo na tan.

Ikaja pia bilioni. Kyubiti moja huelezwa kwa namba 2, kyubiti mbili kwa namba 4, tatu kwa 8, na kila ukiongeza moja unazidisha mara mbili. Kyubiti 10 ni namba 1,024. Kyubiti 20 ni zaidi ya milioni moja. Kyubiti 30 ni namba 1,073,741,824, na kuzihifadhi kwenye kompyuta ya kawaida kunahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 16 hivi. Niliposema "bilioni moja", fundi alitikisa kichwa. Kwa Kifaransa hiyo ni miliari. Bilioni ni kubwa mara elfu moja. Alikuwa akijiuliza kimya kimya kwa nini hesabu ya mwalimu haifiki.

Nasema kimya kimya kwa sababu hapo ndipo hasara ilipo. Kwa wiki tatu za mwanzo mtu huyo hakusema neno. Katika sekondari ya Kongo alichukua hesabu na fizikia, na aljebra yake inamshinda yeyote darasani, pamoja na binti mwenye shahada. Lakini karatasi nilizogawa zilikuwa za Kiingereza, na kwa kutojibu alionekana kama hajui. Kama ningeanza na mtihani wa kuchuja kwa Kiingereza, kama wengi wafanyavyo, ningemtoa yeye na kubakiza wanaojua Kiingereza. Tangu siku hiyo nimemkalisha na binti wa shahada. Yeye anamweleza vekta, binti anamweleza programu. Karatasi sasa zina Kiswahili upande mmoja, na namba zote zina nukta, kwa sababu kompyuta ndiyo iliyoamua.

Sarafu na deni

Sasa fizikia yenyewe. Vitabu vingi vya wanaoanza, na video nyingi zaidi, huanza na sarafu inayozunguka hewani: eti ni kichwa na mkia kwa wakati mmoja, na kyubiti ni hivyo hivyo. Mfano huu nimeacha kuutumia. Unapendeza, lakini hauonyeshi tofauti. Sarafu inayozunguka ni jambo tusilolijua tu, kama mzigo ulio kwenye lori lililofunikwa turubai.

Tofauti iko kwenye hasi.

Biti ya kompyuta ya kawaida ni kama taa: imewaka au imezimwa, 1 au 0. Kyubiti ina namba mbili, moja ya upande wa 0 na nyingine ya upande wa 1. Zidisha kila namba kwa yenyewe, unapata uwezekano wa kupata jibu hilo utakapopima. Chukua 0.6 na 0.8. Sita kwa sita ni 0.36, nane kwa nane ni 0.64, jumla ni 1, yaani asilimia mia. Hapo hata mwenye darasa la saba yumo.

Lakini namba hizo zinaweza kuwa hasi. Badala ya 0.8 weka hasi 0.8. Ukizidisha kwa yenyewe bado ni 0.64, kwa hiyo ukipima papo hapo huoni tofauti yoyote. Kijana mmoja akauliza: basi hasi hiyo ina kazi gani?

Tukaifanya hesabu ubaoni. Lipo tendo moja linaloitwa lango la Hadamard, kwa jina la mwanahisabati Mfaransa Jacques Hadamard. Ukilipitisha kwenye 0, linatoa 0.707 upande wa 0 na 0.707 upande wa 1, yaani nusu kwa nusu. Ukilipitisha kwenye 1, linatoa 0.707 na hasi 0.707. Hiyo nayo ni nusu kwa nusu.

Tupa sarafu mara moja: nusu kwa nusu. Itupe mara ya pili: bado nusu kwa nusu. Sasa pitisha lango la Hadamard mara mbili kwenye kyubiti iliyoanza na 0. Kufika kwenye 1 kuna njia mbili. Njia ya kwanza inapitia 0: 0.707 mara 0.707, ni 0.5. Njia ya pili inapitia 1: 0.707 mara hasi 0.707, ni hasi 0.5. Jumlisha: sifuri. Kufika kwenye 0, njia mbili zinatoa 0.5 na 0.5, jumla 1. Kyubiti imerudi ilikoanzia, bila kubahatisha hata kidogo.

Darasa lilinyamaza. Hadamard alikuwa amewapita pembeni, nikaona. Ndipo mama wa vitenge akasema kwamba yeye anayo hesabu hiyo kwenye daftari lake. Mteja mmoja wa ng'ambo alimkopesha maharage ya faranga 50,000, na mteja huyo huyo naye akampa vitenge vya 50,000 kwa mkopo. Wakikaa na daftari, hakuna anayemdai mwenzake. Fedha haikupita mkononi, lakini madeni yote mawili yamefutika.

Fundi akapiga meza. "Kumbe ile deni njo inafanya kazi yote!"

Ndivyo ilivyo, na kwa Kiswahili cha Goma ilisemwa vizuri kuliko nilivyoisema mimi. Uwezekano wa kawaida hauna deni; hakuna mahali unapoambiwa kuna uwezekano wa hasi asilimia 20 wa mvua. Namba za kwantamu zinadaiana. Kabla ya kupima zinaweza kufutana, na kazi nzima ya mtunga programu ni kupanga madeni ili majibu mabaya yafutane na jibu zuri libaki.

Kwa hiyo ile kauli ya magazetini, kwamba kompyuta ya kwantamu hujaribu majibu yote kwa mpigo na kukupa lililo sahihi, si ya kuaminiwa. Ukipima unapata jibu moja tu. Kama hukupanga madeni, jibu hilo ni la kubahatisha. Mwaka 1996 Lov Grover alionyesha namna ya kupanga: kutafuta kitu kimoja kati ya milioni moja visivyopangwa, kompyuta ya kawaida itakagua nusu milioni kwa wastani, lakini kwa njia yake hatua 785 hivi zinatosha. Ni nafuu kubwa, lakini si muujiza.

Baada ya hapo tulikwenda kwenye kyubiti mbili zilizounganishwa. Neno la Kiswahili lililozoeleka hatukuwa nalo, tukakubaliana "mfungamano". Hali ya kuwa na namba upande wa 0 na upande wa 1 tunaiita "hali mseto". Kyubiti mbili zilizofungamana ukizipima unapata 00 au 11, wala hupati 01 au 10. Utafiti wa mfungamano huo ndio uliowapa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2022. Hauwezi kutumika kutuma ujumbe wala fedha, ingawa kijana mmoja alikuwa amekwisha kupata wazo la biashara.

Mashine ya kweli

IBM iliiweka kompyuta yake ya kwantamu kwenye intaneti mwezi Mei 2016. Ilikuwa na kyubiti tano tu, lakini mtu aliye mbali aliweza kuipa kazi. Mashine za aina hiyo hukaa katika jokofu lenye baridi ya karibu kabisa na nyuzi hasi 273, kali kuliko ya anga za juu. Kigali hatuhitaji jokofu hilo. Tunahitaji mtandao usiokatika, na mazoezi mengi ya mwanzo hata huo hayauhitaji. Kyubiti mbili unazihesabu kwa kalamu, na tatu unazihesabu kwa kalamu na subira.

Siku tulipotuma zoezi la mfungamano kwenye mashine ya kweli, majibu mengi yalikuwa 00 na 11, takriban nusu kwa nusu. Lakini zilikuwapo 01 na 10 chache, ambazo kwa hesabu yetu hazikupaswa kuwapo. Binti wa shahada alidhani kakosea programu. Hakukosea, mashine za sasa zina kelele na hukosea mara kwa mara, na kurekebisha makosa hayo ndiyo kazi kubwa ya watafiti duniani leo. Mama alitaka kujua kwa nini mtu anunue mizani isiyopima sawasawa. Sikuwa na haraka ya kumpinga.

Swali lake lililofuata lilikuwa zito zaidi. Mwanawe alimwambia kwamba mashine hizi zitavunja siri za simu na benki. Fedha yake iliyo kwenye simu je?

Jibu lina sehemu mbili. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu iliyo kubwa vya kutosha inaweza kuigawa namba kubwa katika vigawo vyake tasa kwa haraka. Siri nyingi za tovuti na programu za benki zinalindwa na ugumu wa kazi hiyo, au nyingine inayofanana nayo. Mwaka 2001 watafiti wa IBM waliigawa 15 kuwa 3 mara 5. Namba zinazolinda tovuti zina tarakimu zaidi ya 600. Mwaka 2019 watafiti wawili, Craig Gidney na Martin Ekerå, walikadiria kwamba kuvunja namba ya ukubwa huo kungehitaji kyubiti milioni 20. Mwaka 2025 Gidney alishusha makadirio yake hadi chini ya milioni moja. Mashine ya Condor ambayo IBM iliitangaza Desemba 2023 ilikuwa na kyubiti 1,121. Umbali bado ni mkubwa, ila unapungua, na ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa kanuni tatu mpya za kulinda siri dhidi ya mashine hizo. Benki zetu nazo zitalazimika kubadilisha kufuli.

Sehemu ya pili ni ya laini ya simu. Siri iliyo ndani ya laini, ambayo mtandao huitumia kumtambua mteja, ni ya aina nyingine, na njia ya Shor haiigusi. Kwa anayepiga *182# kutuma fedha, mwizi wa leo hana kyubiti hata moja. Anapiga simu, anajifanya mfanyakazi wa kampuni, anaomba namba ya siri. Mama alisema huyo anamfahamu. Alimpigia mwezi uliopita.

Vijana wao huuliza ajira. Huwa nawaambia wazi kwamba hapa Kigali kazi zenye jina la kwantamu ni za kuhesabika, na karibu zote ni za watafiti. Asiuze mtu ng'ombe kwa ajili ya somo hili. Na akija mtu kukuuzia "uwekezaji wa kwantamu" unaozaa faida kila wiki, matangazo ambayo yamejaa kwenye mitandao, jua ni ndugu wa yule mwenye kifimbo. Vekta, matriksi na Python, kwa upande mwingine, vinahitajika hata na anayechambua takwimu za hali ya hewa au za mauzo, na hivyo ndivyo darasa linavyokula saa zake nyingi.

Wawili kati ya kumi na wanne wameacha. Mmoja alihamia Huye, mwingine aliniambia kwa heshima kwamba alidhani tungefundisha kutengeneza kompyuta. Binti wa shahada anajaza fomu ya uzamili. Fundi hawezi kuijaza, na nimeanza kuulizia kama kuna chuo kitakachokubali kumpima kwa ubao na chaki badala ya vyeti. Mpaka sasa nimejibiwa na kimoja, kikataka kwanza cheti chake cha Kongo kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na kugongwa mhuri.

Mama bado anakuja, ingawa mwanawe amepata nafasi tena na sasa wanakaa dawati moja. Jumamosi ijayo tunaanza namba changamano, ambazo fundi alizisoma katika madarasa ya juu ya sekondari kule Goma. Yeye ndiye atakayeshika chaki, na amekwisha kuniuliza kama aandike mkato au nukta.